Mawingu kwa Kilatini

Methali yetu maarufu kuhusu mawingu ina kasoro moja: haisemi ni mawingu gani. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa. Lakini hebu panda juu ya ploti yoyote Nairobi mwezi wa Julai. Anga imefunikwa kijivu tangu alfajiri hadi saa saba mchana, baridi inakula vidole, na wiki nzima hupati maji ya kujaza kikombe. Mama fua analijua hilo. Anaanika bila wasiwasi. Shida yake ni kwamba nguo hazitakauka, si kwamba zitanyeshewa. Mwezi wa Aprili mambo hubadilika. Wingu moja tu jeupe likianza kujenga ghorofa juu ya ghorofa saa nane mchana, utasikia ngazi zikilia kwa viatu vya watu wanaokimbilia kamba.

Kwa hivyo mtaani tayari kuna watu wanaojua kutofautisha mawingu. Ni majina tu hawana. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma vitabu viwili vyenye majina hayo, na nataka kusema ni kipi kinakufaa wewe unayeishi chini ya anga hii, na ni wapi vyote viwili vinatuacha njiani.

Cha kwanza ni Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Toleo la sasa lilizinduliwa Machi 23, 2017, na liko kwenye intaneti bure, kila mtu asome. Cha pili ni The Cloudspotter's Guide cha Mwingereza Gavin Pretor-Pinney, kilichotoka 2006, kitabu cha kuchekesha na cha kupendeza ambacho kimewafanya watu wengi sana wainue vichwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nasoma bila mtaala. Raha yake ni kwamba hakuna wa kukuuliza kitabu cha wapima hali ya hewa kinamhusu nini mtu anayeandika makala kwa kuokota kazi huku na huku.

Hata mfumo wenyewe ulianzishwa na mtu wa kando. Luke Howard alikuwa mtengenezaji wa dawa London, hakupitia chuo kikuu, na mawingu yalikuwa mambo yake ya baada ya kazi. Desemba 1802 alisimama mbele ya kikundi kidogo cha wapenda sayansi akawasomea insha iliyosema kwamba mawingu, pamoja na vurugu zake zote, yana maumbo machache yanayojirudia. Akayapa majina kwa Kilatini cha shuleni: sirusi, yaani nywele zilizojikunja, kumulusi, rundo, stratusi, tabaka lililotandikwa, na nimbusi, wingu la mvua. (Nitaendelea kuyaandika hivi. Tumezoea intaneti na kompyuta, hata kumulusi tutaizoea.) Mwaka huo huo Lamarck, yule mwanasayansi wa Ufaransa, alikuwa na orodha yake kwa Kifaransa. Haikushika. Wengi husema Kilatini kilishinda kwa sababu hakikuwa lugha ya mtu. Mimi naona kilishinda kwa sababu majina ya Howard yanaungana. Rundo likigeuka tabaka, unasema stratokumulusi, basi, umemaliza. Jina linakubali kwamba wingu halitulii.

Na Howard alikuwa na wazo ambalo bado nalipenda kuliko majina yenyewe: kwamba umbo la wingu ni kama uso wa mtu. Unauangalia ujue ndani kunaendelea nini. Ndiyo maana washairi na wachoraji walimkimbilia. Goethe alimwandikia mashairi. John Constable, akichora anga ya Hampstead mnamo 1821 na 1822, alikuwa akiandika nyuma ya picha saa, tarehe na upepo ulikotoka. Hilo la upepo lishike, nitalirudia.

Baadaye, miaka ya 1880, Mwingereza mwingine, Ralph Abercromby, alizunguka dunia mara mbili akitaka kuhakikisha kama mawingu ni yale yale kila mahali. Akaona ni yale yale. Yeye na Hildebrandsson wa Sweden wakapanga orodha ya mawingu kumi, na mwaka 1896 atlasi ya kwanza ikachapishwa kwa Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, ikiwa na picha za rangi. Kumi hayo ndiyo yaliyopo hadi leo: matatu ya juu kabisa, matatu ya kati (moja la hayo, nimbostratusi, hushuka hadi chini), na manne ambayo yana miguu chini, ingawa kumulonimbusi huweka miguu chini na kichwa juu ya wote.

Sina ugomvi na Abercromby. Maumbo ni yale yale. Lakini uso ule ule haumaanishi jambo lile lile kwa kila mtu, na hapo ndipo ukosoaji wangu wa vitabu hivi unapoanzia.

Kwanza nisifu. Atlasi inaandikwa kwa lugha kavu kama biskuti ya shule, na ukavu huo ndio ubora wake. Haikuambii wingu ni zuri. Inakuambia utoe mkono. Chukulia mawingu yaliyokatikakatika kama uvimbe mwingi mdogo, yaliyo juu ya nyuzi thelathini kutoka upeo wa macho. Nyosha mkono, inua kidole cha mwisho. Kila kipande kikifichika nyuma ya kidole hicho, ile ni sirokumulusi. Kikizidi kidole kimoja lakini kikafichwa na vidole vitatu, ni altokumulusi. Kikizidi vitatu, stratokumulusi. Hiyo ya Julai, shuka la kijivu lenye mabonge, ndiyo stratokumulusi, na siku nyingine ni stratusi tupu isiyo na sura. Hewa yenye unyevu inasukumwa kutoka upande wa bahari, inapanda miinuko hadi kwetu, kisha inagonga hewa yenye joto kidogo iliyokaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Haiwezi kupanda tena. Inatanda. Wingu lisiloweza kupanda halina nguvu ya kutoa mvua zaidi ya manyunyu, na ndio maana mama fua ana haki ya kulidharau.

Au chukulia utando mwembamba unaofunika jua. Kuna mawili yanayofanana. Angalia chini badala ya juu: kivuli chako kipo? Kama kipo, na pengine jua limevaa duara, ni sirostratusi. Kama kivuli kimepotea na jua linaonekana kama taa nyuma ya kioo cha dirisha la bafu, ni altostratusi. Nilipoisoma sehemu hiyo nilifurahi vile mtu hufurahi akisoma hadithi ya upelelezi. Unaambiwa kuhusu anga kwa kuangalia simiti.

Kitu kingine ambacho hakisifiwi vya kutosha ni nasaba. Wingu likizaliwa na wingu jingine, Atlasi inaongeza jina la mzazi. Stratokumulusi iliyotokana na kumulusi inaitwa stratokumulusi kumulojenitusi. Ni kama tunavyosema fulani wa fulani. Toleo la 2017 liliongeza wazazi wapya: mawingu yanayozaliwa na moto mkubwa, na maporomoko ya maji, na misitu inayotoa mvuke, na hata na sisi wanadamu. La mwanadamu linaitwa homojenitusi. Ukipita Naivasha asubuhi ya baridi ukaona mvuke wa Olkaria ukipanda na kugeuka rundo jeupe, kwa kanuni hizo unaloliona lina mzazi, na mzazi ni mtambo wa umeme. Katika kitabu kizima hakuna sehemu iliyo ya zama zetu kama hiyo, na imeandikwa bila kelele, bila hata kuweka alama ya mshangao.

Sasa Pretor-Pinney. Ndiye aliyeanzisha jumuiya ya wapenda mawingu, na ndiyo iliyopigania wingu jipya, asperitasi, lile linalofanana na bahari iliyochafuka ukiitazama kutoka chini, hadi likaingizwa katika Atlasi ya 2017. Msukumo mkubwa ulitoka kwa picha za watu wa kawaida. Heshima kwake. Anaandika vizuri, ana utani, na sura ya mwisho ya kitabu chake inampeleka Burketown, Australia, kulifuata wingu linalokuja alfajiri kama bomba refu linaloviringika. Niliimeza sura hiyo usiku mmoja.

Lakini hoja inayokibeba kitabu chake ni kwamba mawingu yameonewa. Kwamba watu wanapenda anga ya bluu kupita kiasi na wanayachukia mawingu, na inabidi mtu ayatetee. Nikajiuliza: wanaoyachukia ni nani? Nani Kitui, Garissa ama Marsabit amewahi kuhitaji wakili wa kumshawishi alipende wingu? Hoja hiyo inaweza kuzaliwa tu mahali ambapo mvua itakuja upende usipende. Ni hoja ya mtu ambaye wingu linamharibia matembezi.

Halafu kuna kumulusi ndogo, zile pamba nyeupe za mchana wa jua. Kitabu chake kinaanza na hizo, na kinaanza kwa furaha. Wapenda mawingu wa Kiingereza wana jina la mapenzi kwazo: mawingu ya hali nzuri ya hewa. Atlasi, kwa ukavu wake, inaziita humilisi, yaani nyenyekevu, zile ambazo zimelala, hazina urefu. Nataka utazame tofauti hiyo. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Usidhani anga ilikuwa tupu miaka hiyo yote. Mchana ardhi ikipata joto, humilisi huota. Zinatokea, zinaelea, zinagonga hewa kavu juu, zinayeyuka kabla ya jioni. Siku baada ya siku mtu ana ng'ombe wanaoanguka na juu yake kuna mawingu meupe mazuri ya kupiga picha. Ukimwambia hayo ni mawingu ya hali nzuri ya hewa, amekukosea nini?

Susu yangu, mamake mama, yuko Kitui. Novemba 2021 alikuwa akinipigia simu karibu kila jioni, na hakuwa akitaka habari za masomo wala kazi.

"Mjukuu, huko mawingu yako?"

"Yako, susu."

"Yanafanya nini?"

Nilikuwa bado sijafungua hata ukurasa mmoja wa Atlasi, lakini swali hilo ndilo lililonikalia kichwani nilipoisoma baadaye. Hakuuliza yanaitwaje. Hakuuliza hata yana rangi gani. Aliuliza yanafanya nini. Na ukikaa chini ukisikiliza Kiswahili chetu, hivyo ndivyo kinavyoyatazama mawingu. Howard alitafuta nomino: nywele, rundo, tabaka. Sisi tuna vitenzi. Wingu linatanda, linafunga, linapita, linakusanyika, linatawanyika, anga inatakata. Ndiyo maana nilikuambia uushike ule upepo wa Constable. Yeye alikuwa na brashi na mawingu yaliyosimama kwenye karatasi, na bado akaona bila upepo na saa picha haijakamilika.

Hapa ndipo Atlasi pia, pamoja na sifa zote nilizoipa, inapungua. Ni kitabu cha picha. Kila wingu lake limesimamishwa. Maelezo yanakupa umbo kwa usahihi wa kutisha, kisha yanakuachia wewe mwendo. Msomaji wa Ulaya anaweza kuvumilia hilo kwa sababu ana mpangilio wa kuegemea: kwao mvua kubwa huja na pande mbili za hewa, ya joto na ya baridi, zikikutana, na mawingu hupiga foleni. Kwanza sirusi, halafu sirostratusi na duara lake, halafu altostratusi, halafu nimbostratusi na mvua ya siku nzima. Vitabu vya kujifunza mawingu vinapenda sana foleni hiyo. Ukiikariri ukiwa Nairobi au Kisumu utasubiri sana. Sisi tuko juu ya Ikweta. Mvua yetu nyingi inatoka kwa hewa iliyopashwa joto na kupanda wima. Kumulusi ya saa tano inakuwa kongestusi saa nane, inakuwa kumulonimbusi saa kumi, na jua likizama imekwisha kazi. Duara kuzunguka jua halikuahidi kitu kesho. Muulize mchumaji wa majani chai wa Kericho au Nandi, ambako mvua ya mawe hupiga mara nyingi kuliko karibu mahali popote duniani, kama huwa anapewa notisi ya siku mbili.

Kando kidogo: ndiyo maana nimechoka na wingu la simanzi. Unalijua. Linatanda katika kila taarifa ya habari, kijiji baada ya kijiji, tangu nikiwa mtoto. Waandishi wetu wamelipa wingu kazi moja tu, na hata hiyo kazi wanaiiga foleni ya Ulaya: linatanda taratibu, kijivu, pana, kama altostratusi inayoshuka. Msiba wa huku hautandi. Unashuka saa tisa mchana kama kumulonimbusi, watu wakiwa wameanika. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalishuka mteremko yakabeba nyumba Mai Mahiu watu wakiwa usingizini. Wiki hizo hizo, Mathare, watu walikuwa wakiangalia juu kwa woga niliokuwa sijawahi kuuona mjini. Jumuiya ya kuyatetea mawingu isingepata mwanachama hapo, na susu angekuwa bado anayaomba.

Sasa utauliza, kwani tutafsiri? Kuna rafiki zangu wanaotaka orodha ya Kiswahili ya mawingu kumi, neno kwa neno, na naelewa kiu hiyo. Lakini kuita kumulusi "wingu-rundo" ni kuazima nomino za Howard na kuzivisha kanzu. Heri kuanza na tulichonacho na kuona kinaangukia wapi. Kamusi zina neno mavundevunde, mawingu ya mvua yaliyochanikachanika na kutawanyika. Ulishawahi kulisikia likitumika mjini? Mimi la. Ila Atlasi ina kitu inachokiita panusi, vile vipande vichafu vinavyokimbia chini ya wingu kubwa la mvua, na panusi kwa Kilatini ni tambara. Watu wa pwani na wasomi wa Kilatini, bila kushauriana, waliona nguo iliyochanika. Neno kama hilo silitafsiri, nalitoa kabatini nalivaa.

Wala si kwamba elimu ya zamani na ya vituo lazima zigombane. Huko Bunyore, ukoo wa Nganyi, unaojulikana kwa kutabiri mvua tangu enzi, umekaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa wakilinganisha utabiri wao. Natamani kusoma mazungumzo ya meza hiyo kuliko ninavyotamani toleo jipya la Atlasi lenye picha kali zaidi.

Jambo moja lilinichekesha nikisoma jinsi majina haya yanavyotumika kazini. Katika taarifa fupi ambazo viwanja vya ndege hutoa kwa marubani, mawingu hutajwa kwa kiasi, yaani yamefunika sehemu ngapi kati ya nane za anga, na kwa kimo cha tumbo lake. Aina hutajwa mbili tu: kumulonimbusi, na kumulusi iliyopanda kama mnara. Mengine yote, pamoja na Goethe wake, hayapewi jina. Rubani anayekaribia kutua Nairobi na mama fua aliye juu ya ploti wana orodha moja.

Nikilazimishwa kuchagua, nachagua Atlasi, na simwombi Pretor-Pinney msamaha kwa sababu nimecheka kwenye kitabu chake kuliko nilivyocheka mwaka mzima. Atlasi inakuchosha lakini haikupangii cha kuhisi. Picha zake zinakula bando, kwa hivyo tafuta waifai, anza na sehemu ya kumulusi, uisome ukiwa juu ya paa na si kitandani. Na kama wewe ni mtafsiri na kuna siku utaifanyia kazi, ukifika kwenye humilisi nakuomba usiandike wingu la hali nzuri ya hewa. Andika tu kwamba limelala, upana wake unazidi urefu, na kwamba bado halijapanda.